Walii Asiye na Leseni

Jumatano, 6 Agosti 2025

Nimekasirika. Nimekunywa maji, bado nimekasirika. Jana kwenye hitima hapa Chumbageni naomba dua, nimefika pazuri, Sheikh Muhanad ananikatiza mbele ya watu. Eti, "Yaqoub, fupisha, pilau inapoa." Wakacheka! Hata Badr, mkwe wangu mtarajiwa, alicheka. Muhanad huyu nimesoma naye chuoni, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsahihisha. Leo kisa ana leseni ya kufungisha ndoa, kila arusi ni yake, kila kiti cha mbele ni chake.

Keshokutwa ndiye wa kumwozesha binti yangu Najla. Kwani yeye ndiye baba? Dini imenipa mimi. Mimi ndiye walii, msimamizi wa ndoa yake. Sheikh nampa uwakala kwa hiari yangu, na hiari hiyo nimeiondoa. Nimemtumia ujumbe asije. Mke wangu Aliya kaniuliza kama nimeshauriana na mtu. Nishauriane na nani? Mwenye nyumba si mimi?

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemwozesha mwanangu mwenyewe! Sebuleni kwangu, mashahidi wapo, Kiarabu safi. Badr kaitikia. Dua nimeisoma yote, pilau ikapoa, hakuna aliyethubutu kunikatiza. Bi Mwatumu, mama yake Badr, aliuliza cheti kitatoka lini. Nikamwambia cheti ni karatasi tu, mwanamke haolewi na karatasi. Akanitazama sana. Nadhani ufasaha wangu ulimgusa.

Jumatatu, 11 Agosti

Ofisi ya serikali, kufuata cheti cha ndoa. Binti wa dirishani, Anastazia, kaniamkia shikamoo vizuri, nikampenda. Kauliza nani kafungisha. Mimi. Kauliza leseni yangu. Nikasema mimi ni baba. Akajibu kwa upole kwamba ubaba hauna leseni. Cheti hutoka kwa ndoa iliyofungishwa na msajili, au na kiongozi wa dini aliyepewa leseni. Nikamuuliza kama Wakristo nao wanasumbuliwa hivi. Akasema kwao Lushoto hata mwinjilisti aliyezeeka kanisani humsubiri mchungaji mwenye leseni ndiye afungishe. Nikapaza sauti. Nikamweleza habari za walii kuanzia mwanzo. Foleni nzima ilisikiliza, mzee mmoja akasinzia. Cheti sikupata.

Jumanne, 12 Agosti

Nyumba imekuwa mahakama. Badr anarudi kazini Maskati Jumatano ya wiki ijayo, na bila cheti hawezi kumwombea Najla kibali cha kumfuata. Bi Mwatumu kasema mbele ya majirani kwamba mwanawe kaoa nusu. Nusu! Najla hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Kakaa mbele yangu, kauliza taratibu:

"Baba, mimi ni mke wa mtu au si mke wa mtu?"

Nikasema mbele ya Mungu ni mke wa Badr, hapana shaka.

"Na mbele ya watu wa uwanja wa ndege?"

Nikamfokea, kisha nikaona haya, nikatoka nje kumfokea fundi bomba. Aliya anasema niende kwa Muhanad. Afadhali kufa.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimekwenda kwa Muhanad. Nilikuwa na maneno makali tayari. Akanikaribisha kahawa na halua, watoto wake wote wakaja kuniamkia, maneno yakakosa pa kutokea. Akasema kwa dini ndoa haina dosari, ila tuisome tena kesho mbele yake ili aandike cheti. Tangazo la ndoa, ambalo sheria inataka litangulie siku ishirini na moja, alilibandika tangu mwezi uliopita na hakuliondoa. Hakuliondoa! Alijua nitarudi! Hasira zikanipanda upya. Halua nikaimaliza.

Ijumaa, 15 Agosti

Msikiti ulijaa. Nimejikaza kumpa uwakala, ulimi mzito, mara Muhanad kanigeukia. "Baba mtu yupo," akasema. "Muozeshe mwenyewe, mimi nitasimamia." Watu wakasema mashaallah. Kwake! Mashaallah zote kwake! Nikamshika Badr mkono huku namuwazia Muhanad, nikatamka kwa sauti kubwa, "Nimekuoza binti yangu Shaima."

Shaima ni mdogo wake Najla. Ameposwa na kijana wa Makorora, ambaye alikuwa amekaa safu ya pili. Badr hakuitikia kitu. Mkwe wangu ana akili. Muhanad akaninong'oneza jina. Safu za nyuma zilicheka msikitini, Mungu awasamehe. Nikarudia. Cheti kikaandikwa, kikagongwa muhuri, na nyumbani Najla alikibusu kabla ya kunibusu mkono mimi.

Jumapili, 17 Agosti

Najla anapanga masanduku yake anaimba. Kasamehe kila kitu. Mimi sijasamehe. Tangu alfajiri nimekaa napima. Dini ninayo, sauti ninayo, mabinti ninao. Muhanad kanizidi nini? Muhuri tu! Kipande cha mpira na wino wa buluu, ndicho kilichonitia fedheha yote hii.

Arusi ya Shaima ni Desemba. Leo kaniambia keshakwenda mwenyewe kwa Sheikh Muhanad kumwomba amfungishie. Akaongeza, "Baba, siku hiyo wewe kaa tu." Nimemwitikia vizuri, nimemwombea na kheri.

Kesho asubuhi nakwenda Ngamiani kwa fundi wa mihuri. Nimeshachagua wa duara, mkubwa kuliko wake.