Balbu Iliyowaka Vizuri Mno

Jumatatu, 4 Machi
Amplifaya yangu ya valvu imekufa. Niliwasha, valvu, vile vichupa vya kioo vya ndani, zikaanza kupata wekundu, mara pap! Kimya. Fyuzi imeungua.

Mama Watoto yuko kwa binti yetu tangu mjukuu azaliwe. Alisema anakwenda mara moja tu. Mjukuu sasa anakaa mwenyewe! Nyumba hii sikujua kama ni kubwa hivi. Leo nimepika chai ya watu wawili kwa mazoea. Nikanywa yote, nisionekane mpumbavu, ingawa hapakuwa na wa kuniona.

Mpango ninao. Amplifaya hii ndiyo iliyonipatia mke. Nilikuwa mpiga santuri kwenye sherehe za watu, naye akaja mezani kwangu kuomba wimbo urudiwe. Akarudi tena kuomba wimbo uleule. Na tena. Nikajua hapa si wimbo. Basi nitaitengeneza, nimpigie simu, nimwekee wimbo ule sikioni. Atafunga begi hapohapo. Kumwomba arudi? Mimi? Mwanamume mzima!

Jumanne, 5 Machi
Fyuzi mpya. Imeungua. Nyingine. Imeungua. Nikafikiri: kasoro ni ya fyuzi, ni legelege. Nikaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya biskuti. Haikuungua! Ushindi!

Kilichoungua ni kitu kingine ndani, kikatoa moshi wenye harufu ya samaki. Swichi kuu ya nyumba ikajizima, na friji nayo. Nikiwa nafungua madirisha, simu ikalia. Mama Watoto. Aliuliza naendeleaje. Nikasema vizuri kabisa, napunga upepo. Nilitaka kumwambia nimemkumbuka. Neno lilifika hadi kwenye meno. Nikamwambia bei ya nyanya imepanda.

Jumatano, 6 Machi
Shemeji, kaka yake Mama Watoto, ni fundi redio mtaa wa pili. Mimi humwita Profesa wa Waya, kwa siri. Siendi kwake kuomba msaada. Tangu siku ya posa ananitazama kama soketi iliyolegea.

Leo nimekwenda, lakini kwa ujanja. Nilijifanya nanunua betri. Alikuwa akimweleza mteja habari za redio kuukuu. Kumbe chombo cha zamani hakichomekwi ukutani moja kwa moja. Umeme unapitishwa kwanza kwenye balbu, zile za kizamani zinazopata moto. Ukiitazama balbu, alisema, unajua hali ya chombo. Hapo nikatoka upesi, asije akadhani najifunza kwake. Nimepata elimu ya bure!

Alhamisi, 7 Machi
Nimefunga balbu. Nikawasha. Ikawaka! Mwanga mkali, wa kusomea gazeti! Chombo kina afya tele. Sasa imebaki sauti tu. Nikaisubiri. Haikuja. Nikaweka balbu kubwa zaidi ili afya iongezeke. Transfoma ya ndani, ile inayobadili nguvu ya umeme, ikaanza kunguruma na kupata joto la kukaushia soksi.

Nimeshinda mbele ya balbu kama mtu anayeota moto. Kiti chake kiko pembeni. Mtandio wake bado umening'inia mgongoni mwa kiti, na mimi siuondoi. Alipopiga simu akauliza nafanya nini. Nikasema nasoma. Akasema mjukuu ameota jino. Nikasema hongera. Na hakuna aliyekata simu. Jamani, nimemkumbuka mwanamke huyu hadi naumwa.

Ijumaa, 8 Machi
Maji yamezidi unga. Nimeibeba hadi kwa shemeji. Nikamwambia ni ya rafiki yangu. Akaigeuza, akasema huyo rafiki amekwaruza jina langu mimi chini yake kwa msumari. Mficha uchi hazai, shemeji, akasema. Akatoa ile fyuzi ya biskuti, akaiweka kwenye kaunta, mahali pa kuonekana na wateja.

Nikajitetea kwamba hata hivyo balbu inawaka vizuri sana. Alicheka hadi akashika meza! Balbu ikiwaka kwa nguvu, akasema, ujue ndani kuna shoti. Chombo kizima, balbu humulika kidogo kisha hufifia. Kwa hiyo jana kutwa nilikuwa nashangilia ugonjwa! Akaichomeka kupitia balbu yake, ikawaka kwa nguvu, kisha akachomoa valvu ya kwanza, ile inayogeuza umeme kabla haujafika kwa wenzake. Balbu ikafifia. Mgonjwa ni huyo. Akaweka nyingine, akabadilisha na kapasita, kile kidude nilichokiunguza kikanuka samaki.

Halafu akaniuliza kwa nini nisimwambie tu dada yake arudi. Nikasema mimi sina shida yoyote. Akasema naam, anaona, balbu yangu inawaka vizuri sana. Nikabeba mzigo wangu nikaenda nyumbani.

Jumamosi, 9 Machi
Imeimba! Nikapiga simu, nikaishika mbele ya spika, wimbo ukaisha wote. Nikairudisha simu sikioni. Roho juu! Mwishowe akasema mjukuu amelala. Akauliza ninakula nini siku hizi. Nikasema biskuti. Akasema anakuja kesho.

Baadaye shemeji amepita kunitangazia kwamba dada yake alifunga begi tangu jana, yeye alipomweleza kuwa mumewe anaongea na balbu. Maneno ya wivu hayo. Ni wimbo unaomleta!

Jumapili, 10 Machi
Asubuhi niliona sauti iko chini kidogo. Nikafungua nirekebishe, kidogo tu. Pap! Fyuzi sikuwa nayo. Biskuti zilikuwepo.

Amefika mchana. Akatua begi, akachukua mtandio wake kitini, akajifunga, akakaa. Akasema nyumba inanuka samaki. Kisha akasema amenikumbuka. Hivihivi, bila kuzunguka! Moyo ukanipasuka kwa furaha. Nikamjibu kwamba nyanya zimeshuka bei.

Akaomba ule wimbo. Nikamwonyesha bisibisi. Akacheka, akaegemea kiti, akaanza kuuimba mwenyewe, taratibu, kwa sauti ileile iliyokuja mezani kwangu enzi zile.

Nikamwomba anyamaze kidogo. Nilikuwa nasikiliza transfoma inavyonguruma.