Nassibu wa Kwenye Gemu

Nassibu wa Ruaruke ndiye binadamu pekee aliyewahi kumzaba kofi mamba wa Rufiji, na mamba akaomba radhi! Nani kasema? Nassibu mwenyewe. Shahidi? Mamba.

Na mimi kwa ujinga wangu nikakubali kuwa mshenga wake! Nilipeleka barua ya posa Mchukwi kwa Bi Swaumu, mama yake Tabu, ikapokelewa vizuri. Tukaambiwa jibu baada ya Iddi. Kazi ya Nassibu ilikuwa moja tu, kufunga mdomo wiki tatu. Tatu tu, jamani!

Sasa pale Kibiti, dukani kwa mzee Walji, kuna bintiye Shehnaz. Kasomea kompyuta Dar, karudi, anapima sukari huku anatengeneza gemu ya ngumi. Wapiganaji wake ni watu wa hapahapa. Unamchagua mtu wako kwenye simu, picha inatokea kwenye televisheni ya dukani, mnazabana. Mimi nimo, napigana kwa mwamvuli. Bi Swaumu yumo na mwiko wake wa ugali.

Nassibu asikie hivyo, atulie? Thubutu!

"Dada Shehnaz, nitie na mimi. Lakini niweke nilivyo, usipunguze hata chembe!"

Akataja sifa zake kuanzia adhuhuri mpaka alasiri. Kofi la mamba, teke la kupasua dafu, pumzi ya kuvuka mto chini kwa chini. Shehnaz akatia vyote. Siku mbili, gemu ikadoda! Kila mtu anamchagua Nassibu, na ukichagua mwingine uko chali kabla hujakunja ngumi. Mimi na mwamvuli wangu nilikuwa sikai hata sekunde tatu.

"Kaka Nassibu, hivi watu hawachezi," Shehnaz akamwambia. "Humu kila mmoja ana nguvu na ana udhaifu. Nalipunguza hilo kofi."

"Kofi langu? Kofi ndiyo mimi! Ukilipunguza umechora mtu mwingine ukambandika jina langu!"

Hapo, niseme haki, alikuwa na hoja. Ilikuwa mara yake ya kwanza.

Shehnaz akafikiri, akacheka. "Haya, kofi libaki. Ila udhaifu lazima uwepo, na uwe wa kweli vilevile."

"Tafuta! Ukiupata niite mbwa!"

Hakwenda mbali, aliniuliza mimi. Nikamweleza siku tulipokutana na Bi Swaumu njiani Mchukwi. Nassibu, mzaba mamba, alijitupa kwenye jaruba la mpunga, akachutama topeni, akaficha uso, akaamkia shikamoo mara sita! Si kosa lake, mkwe ni mkwe bwana. Shehnaz akaandika kila neno, na tukakubaliana iwe siri yetu.

Iddi pili baraza ya duka ikafurika. Nassibu ndani ya kanzu mpya, kamchagua Nassibu, ameshalaza watu saba. Mara watu wakapisha njia. Bi Swaumu huyo! Na Tabu nyuma yake, kajitanda mtandio, anacheka chinichini.

"Nasikia nimo humu," Bi Swaumu akasema. "Nipeni simu nijione."

Nilitamani ardhi inimeze. Mechi ikaanza. Nassibu wa kwenye televisheni akaja kifua mbele, akamwona Bi Swaumu, akachutama pwata! Uso kauficha. "Shikamoo, mama!"

Nassibu wetu akabonyeza kofi. "Shikamoo, mama!" Akabonyeza teke. "Shikamoo, mama!" Na mwiko unashuka tu, pa! pa! pa! Watu hoi, mzee Walji kashikilia mizani asianguke. Bi Swaumu anacheka mpaka machozi.

"Looo! Kijana ana kofi la kumtoa roho mamba, na bado ananichutamia!" akasema. "Hii ndiyo adabu. Mshenga, uko wapi? Jibu lenu hili hapa."

Nikainuka, furaha tele. Lilibaki neno moja! Moja!

"Uongo!" Nassibu akaruka. "Mama, huyo siyo mimi! Kanichora vibaya! Mimi nilivyo, mama, ningekuzaba kofi moja tu, wangekwenda kukuokota kijiji cha mbali, Umwe!"

Tabu akaacha kucheka. Nassibu akaziba mdomo kwa mikono miwili, lakini maji yalikwisha mwagika.

Bi Swaumu akaweka simu juu ya meza, akafunga khanga vizuri.

"Mshenga."

"Naam, Bi Swaumu."

"Posa tumeikubali." Akanyoosha kidole kwenye televisheni, mle Nassibu alimokuwa bado kachutama. "Tabu namwoza huyo. Huyu mwingine mrudishe kwao."