Mtetemo Juu ya Ngoma ya Sultani

Jumatatu, 1 Machi 1954, Kasongo.
Muzungu enjinia ametuita makarani wake wawili, mimi na Atumani. Anatafuta hesabu ya mtetemo unaotambaa juu ya kitu cha mviringo, kama tao la daraja. Ukigonga huku, utafika kule lini? Kwenye ubao ulionyooka ni rahisi, anasema. Mpindo ndio unaobadilisha mwendo. Atakayempa jibu sahihi Ijumaa atakwenda naye Kabambare, tena kwa baisikeli mpya. Baisikeli! Régina, binti ninayemtaka, ameshasema haolewi na mtu wa miguu. Atumani akatabasamu. Anatabasamia nini? Iko jambo.

Jumanne.
Atumani ameazima kamba ya kupimia. Eti anapima mtungi wa mama yake. Mtungi! Ananiona mjinga. Mimi nitatumia ngoma kubwa ya sultani, chifu wetu: gogo la mti la mviringo, lenye uwazi ndani, lile la kupeleka habari vijijini. Simwambii mtu.

Jumatano.
Asubuhi sultani yuko shambani, uwanja mtupu. Vizuri. Nikamwaga mchanga juu ya ngoma nione mawimbi. Wote ukateleza chini. Nikapaka mawese. Mchanga ukanata, hautikisiki hata punje! Basi nikagonga kwa nguvu: mapigo mazito, polepole, yenye nafasi sawa, nipate kuhesabu.
Robo saa haikuisha, wanawake wakaja mbio wakilia. Kumbe mapigo hayo hutangaza kwamba sultani amefariki! Mimi nimelelewa misheni, ningejuaje? Sultani mwenyewe akatokea, jembe begani, machozi machoni, akiuliza nani amekufa. Walipomwambia, akakaa chini. Nimetozwa mbuzi. Na Atumani hakunionya. Alijua huyo!

Ijumaa.
Atumani aligonga mtungi kwa ukucha, basi. Kurasa tatu za hesabu, na enjinia akasema zote sahihi. Mimi nikaandika: robo saa. Enjinia akauliza, kutoka wapi hadi wapi? Nikajibu, kutoka kwenye ngoma hadi kwa wanawake. Akavua miwani, akanitazama sana. Jioni nikamwona Régina nyuma ya baisikeli ya Atumani, anacheka. Roho imeniuma, sifichi.

Jumamosi.
Nimetambua kosa: ni mti. Mti unasema mno! Chuma ndicho. Enjinia haondoki kabla ya Jumatatu, nafasi ningali nayo. Kengele ya kanisa ni chuma, mviringo safi, na Atumani ni Mwislamu, hatanifuata huko. Padri mzee ni mgonjwa sana, hajainuka kitandani tangu juzi, kwa hiyo hatanizuia. Saa tisa napanda mnarani na nyundo. Mapigo mazito, polepole, yenye nafasi sawa.