Mshale na Benchi

Kwaru, kwaru, kwaru. Sauti ilipenya ukuta wa mbao wakati giza bado limejaa chumbani, na Sabuni akafumbua jicho moja. La pili aliliacha liendelee kulala, maana hakuwa mtu wa kutumia vitu viwili pale ambapo kimoja kinatosha.

Panya? Panya hana mpangilio namna ile. Mtu anakwangua sufuria? Sufuria hulia. Hii ilikuwa sauti nene, ya kitu kinachosuguliwa taratibu juu ya kitu kikubwa, na kwa upendo. Sabuni akatabasamu. Nta. Jirani yake mpya, yule fundi cherehani aliyehamia na binti yake mdogo, alikuwa anaupaka nta ubao wa kupandia mawimbi.

"Mtu anayepaka nta kabla jogoo hajakohoa," Sabuni akaiambia dari, "huyo hauziwi. Huyo anaokotwa."

Jina la Sabuni hakupewa na wazazi. Alipewa na watu waliowahi kumshika. Alikuwa na kibanda pale ufukweni, na ndani ya kibanda alikuwa na Mshale: ubao mfupi, mwembamba, wenye pua kali na miali ya moto iliyochorwa ubavuni. Mzuri kuliko bibi harusi. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuuzwa. Mwanafunzi wa mawimbi, akishaweza kusimama juu ya ubao mkubwa kwenye mawimbi ya povu, hupatwa na ugonjwa wa kuuonea aibu ubao mkubwa. Anataka mfupi kama wa mabingwa. Sabuni alikuwa daktari wa ugonjwa huo. Alikuuzia Mshale, Mshale ukakuzamisha, nawe ukaona haya kusema. Baada ya wiki uliurudisha kimya kimya kwa mlango wa nyuma, kwa bei ya kutupa, ukimwomba asimwambie mtu. Na Sabuni, mtu wa siri, hakumwambia mtu. Aliupangusa tu akamuuzia mwingine.

Kinyozi aliwahi kuumiliki. Karani wa mahakama pia. Wote wawili walikuwa wakikutana ufukweni kila wiki wakisifia mbao fupi, na hakuna aliyemwambia mwenzake ukweli. Heshima ni kitu cha gharama.

Kulipopambazuka, Sabuni alimkuta fundi bombani, ubao wake mrefu umeegemea ukuta kama mlango uliong'olewa.

"Habari za asubuhi, dada. Naona mnaishi na jahazi."

"Nzuri, kaka. Ndiyo, wangu huo, wa kujifunzia."

"Wa kujifunzia. Na bado unajifunza? Mbona mimi jana nimekuona unasimama wima kama nguzo ya umeme?"

Hakuwa amemwona, lakini fundi aliinamisha uso kama mtu aliyesifiwa, na Sabuni akajua mlango uko wazi.

Fundi akafunguka. Mwalimu mkuu wa ufukweni, yule mzee wa filimbi, alikuwa anatafuta mtu wa kufundisha watoto. Alimwambia fundi: kusimama unaweza, sasa nione unakata kona, na kwa ubao huo mrefu hukati kona hadi mwakani. Tafuta mfupi kidogo. Leo mchana ataangalia, na baada ya leo kazi anampa mwingine.

"Nimechoka kushona sare za watoto wa watu usiku kucha, huyu wangu akilala kwenye vitambaa," fundi akasema, akimfunga binti yake kifungo cha gauni. "Kazi hii nikiipata, atanikuta mchana nikiwa macho."

Sabuni akashika kifua. Msomaji asimdhanie vibaya, alisikitika kweli, kwa muda wa kutosha kuvuta pumzi moja.

"Dada, Mungu amekuleta ukuta kwa ukuta na mimi. Njoo kibandani."

Kibandani walikuwapo kinyozi na karani, wameketi kwenye benchi wakipiga soga. Benchi lenyewe lilikuwa ubao wa mawimbi wa zamani, rangi ya chai iliyomwagika, wenye viraka, umelazwa juu ya matofali. Sabuni aliurithi kutoka kwa mpangaji aliyemtangulia. Ulikuwa mfupi kuliko wa fundi kwa urefu wa mkono hivi, lakini mpana tumboni na mnene.

Sabuni akauvua Mshale kitambaa, polepole, kama anayemfunua mwali.

"Sijamwonyesha kila mtu," akasema. Kinyozi akakohoa. Karani akatazama kucha zake.

"Mbona mwembamba?" fundi akauliza. "Mimi nina mwili, kaka. Utanibeba?"

"Wembamba ndio wepesi, wepesi ndio mbio. Waulize hawa wazee."

"Eee," akasema kinyozi, akiangalia baharini.

"Ubao wa heshima," akasema karani kwa sauti ya kusoma hukumu.

"Na nikishindwa?"

"Dada yangu." Sabuni akageukia watu waliokuwa wakipita, maana ahadi bila mashahidi haina ladha. "Nasema mbele ya kadamnasi: unipe ubao wako, uchukue huu. Ukishindwa kusimama, urudishe, nakupa wako, na nakuomba radhi juu." Alikuwa ameitoa ahadi hiyo mara nyingi na haijamgharimu kitu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kurudi mchana kweupe kusema ameshindwa.

Fundi akafikiri. Binti akavuta gauni lake.

"Haya, tubadilishane. Lakini nyongeza yangu iko wapi?"

"Nyongeza?"

"Kaka, hata kwenye mafungu ya nyanya mtu anaongezwa moja. Nimekupa ubao mrefu, umenipa kijiti. Niongeze basi hilo benchi, mtoto apate pa kukalia mchangani."

Sabuni akacheka mpaka akafuta machozi. Akawainua wazee kwa mkono wake mwenyewe, akapangusa benchi, akalibeba hadi mchangani. Aliporudi alikuwa akipiga mluzi.

Alishinda hadi mchana akiupiga ubao mrefu msasa, akipanga kuukodisha kwa wageni. Hivyo hakuona fundi akiulalia Mshale, nao ukizama chini yake kama kijiko kwenye uji. Hakuona fundi akiuacha mchangani bila hata kununa, akijifunga mguuni kamba ya benchi, akilisugua nta, akiingia nalo majini. Hakumwona akipiga makasia kwa mikono, wimbi likimwinua mapema kwa kuwa benchi lilielea vizuri, naye akasimama, akaegemea kisigino, akakata kona. Kisha nyingine. Kilichomshtua Sabuni ni filimbi ya mwalimu mkuu, mlio mrefu wa kuridhika.

Muda si muda fundi alikuwa mbele ya kibanda, maji yanamtiririka, Mshale kwapani, na wateja wamejaa.

"Kaka, nimeshindwa," akasema kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya uzi. "Umenizamisha. Nipe wangu."

Wateja wakageuka. Neno lile lilikuwa halijawahi kutamkwa pale.

"Labda ungejaribu tena, dada, polepole..."

"Hata mimi ulinizamisha," kinyozi akasema ghafla.

Karani akamgeukia. "Na wewe?"

"Tangu mwaka jana."

"Na ukanisifia?"

"Si ulianza wewe?"

Sabuni akautoa ubao mrefu. "Basi na benchi langu lirudi."

"Nyongeza hairudi, kaka. Umeona wapi mtu akirudisha nyanya ya juu?" Fundi akacheka. "Nililitamani tangu siku ile ya kwanza niliyopita hapa. Fupi kiasi, pana, nene. Ningekuuliza bei, lingegeuka dhahabu. Jumatatu naanza na watoto."

Watu wakaangua kicheko. Sabuni angeweza kuishia hapo akabaki salama. Lakini mdomo uliomlisha miaka yote haukujua kufungwa.

"Ubao hauna kosa," akatangaza. "Kosa ni miguu yenu."

"Basi tuazime miguu yako," kinyozi akasema, akimkabidhi Mshale.

Hapa ni lazima niseme jambo ambalo Sabuni alilificha vizuri: miaka yote ya biashara ile hajawahi kulowanisha zaidi ya viatu. Neno moja lingemwokoa, lile lile alilolisema fundi bila kupungukiwa na kitu. Alilitafuta mdomoni, katikati ya maneno yote matamu yaliyohifadhiwa humo, halikuwamo. Akakunja suruali. Akaenda, umati nyuma yake, akajitupa juu ya Mshale palepale ukingoni. Povu likaja, dogo, la kuchezea watoto, likampindua kama chapati.

"Nakufa," Sabuni akalia, mikono ikichapa maji, macho kayafumba. "Jamani, nakufa, niokoeni."

Binti wa fundi akamsogelea, akamwinamia.

"Mjomba, simama tu, maji yako magotini."