Tochi ya Kichwani na Mtumbwi wa Baba

Jumatatu, 9 Septemba 1996

Mtumbwi wa baba lazima uwe wangu. Nimekwisha amua.

Jana baada ya ibada kule Matema, baba, Mzee Anangisye, katangaza kwamba mgongo umegoma. Kazi yake ya kuchukua vyungu Ikombe na kuvivusha ziwani hadi sokoni Lyulilo, karibu na Matema, anamwachia mwanawe mmoja, mtumbwi na kila kitu. Wana tuko wawili. Mimi Hezroni, mkubwa, mwenye akili. Halafu Tuntufye, mdogo wangu, anayejua kupiga kasia na kunyamaza, basi. Baba kasema yeye hachagui. Jumamosi tuvushe mzigo pamoja, kisha wanawake wanaofinyanga waseme wenyewe wanamwamini nani.

Na mkubwa wa wafinyanzi wa Ikombe ni nani? Mama mkwe wangu! Mama mzazi wa Keziya! Kura moja ninayo kibindoni.

Ila sitaki kubahatisha. Vitunguu vyangu vilioza mpakani Kasumulu. Belo la mitumba nililonunua lilikuwa na makoti ya manyoya, Kyela hii ambako hata mbuzi wanagombania kivuli. Sasa nabeba mizigo ya wenzangu, na watu wakitaka kunitaja wanaanza kwa kucheka. Inauma. Nautaka huo mtumbwi mpaka nahisi homa.

Nimezunguka chumba tangu magharibi. Keziya, mke wangu, kauliza kama nina minyoo.

Jumanne, 10 Septemba

Silaha imepatikana! Tochi ya kichwani!

Iko dukani kwa Abdulrahim, hapa hapa mtaani kwetu Mbugani. Soko huria lina raha yake. Zamani hata kiberiti ulipanga foleni, leo unauziwa jua la kuvaa. Mkanda wa lastiki, globu mbele, kisanduku cha betri kisogoni, waya mwekundu unaounganisha. Kwenye boksi kuna picha ya Mzungu anapanda mlima wa theluji. Niliwahi kumwona Mzungu wa namna hiyo Matema, anashuka milimani alfajiri mikono mitupu, mwanga unamtangulia. Sijamsahau mpaka leo.

Mpango wangu: vyungu hupakiwa na kupakuliwa kabla hakujakucha. Tuntufye atauma tochi yake kwa meno, kama kawaida yake. Mimi mikono yote huru, chungu kila mkono. Wafinyanzi wajionee!

Nikamuuliza Abdulrahim mbona ile ya Wazungu bei yake haishikiki na hii imepangwa karibu na sabuni. Babu yake alitoka Kilwa, na maneno yote ya pwani alikuja nayo. Kaapa kuwa tochi hizo ni mama mmoja baba mmoja, na kwamba methali ya rahisi ni ghali ilitungwa na wenye maduka makubwa. Sijaelewa vizuri, ila alisema vizuri. Nimembadilishia kwa mwavuli wa Keziya. Mvua yenyewe haipo.

Jioni: mvua.

Jumatano, 11 Septemba

Nimeijaribu kutwa, mchana uvunguni mwa kitanda, jioni uani. Mtu mwenye busara hupima kabla ya kusifu.

Faida yake ni mikono. Nimechota maji, nimechambua mchele, nimefunga mlango, vyote bila kushika tochi! Tena nyepesi. Tena watoto wa jirani wamekusanyika kunitazama, heshima ambayo sijawahi kuipata.

Hasara. Lastiki imelegea. Nikienda haraka inateremka machoni, na hapo mwenye tochi ndiye pekee asiyeona. Waya nao una matatizo. Nikiinamisha kichwa taa inazimika, nikiinua inawaka. Nilirudi dukani kulalamika. Abdulrahim kasema huo ni ufundi wa kutunza betri.

Hasara nyingine kaisema Keziya, wala sikumwomba. Kasema ukiongea na mtu unampofusha, na chochote unachokitazama dunia nzima inajua unakitazama. Alisema hivyo kwa sababu mwanga ulikuwa umetua kwenye sufuria ya jirani. Nilikuwa napita tu!

Nimepima. Faida zimeshinda.

Alhamisi, 12 Septemba

Keziya anakuja nami Ikombe, kumsaidia mama yake kubeba vyungu. Vizuri sana. Lakini kaanza masharti. Kasema Jumamosi huenda baba akawepo ufukweni Lyulilo.

Kwetu mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Mwiko. Baba akipita njia hukohoa, Keziya hujifunika kanga na kuingia migombani, baba naye hugeukia pembeni kama anatafuta kuku. Miaka yote ya ndoa yetu hawajaonana uso. Wanaheshimiana mno! Keziya ni Mkisi wa kuzaliwa, wa huko Ikombe, lakini mwiko huu kaushika kuliko sisi Wanyakyusa. Kasema pale ufukweni giza huwa linawatosha. Baba anakohoa, yeye anageuka, kazi inaendelea. Kwa hiyo kaniomba tochi niiache nyumbani.

Niiache! Nimemwambia nitakuwa mwangalifu. Kanitazama weee, kisha kasema mkaidi hafaidi ila siku ya Idi. Nimemkumbusha kwamba sisi ni Walutheri.

Ijumaa, 13 Septemba. Ikombe

Siku mbaya kidogo.

Tuntufye katuvusha salama. Jua lilipozama nikavaa tochi, nikasimama mbele ya wafinyanzi kuwaeleza maendeleo. Kungu! Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi. Walikuwa mbali juu ya maji, na shughuli zao. Nilipowasha wakaja wote. Puani, masikioni, mdomoni. Nimemeza nusu ya hotuba na nusu ya kungu. Mama mkwe kasema wenzangu huwakamata kwa vikapu wawe kitoweo, mimi nawakamata kwa kichwa. Wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Hasara mpya, basi. Tochi ya mkononi, wadudu wanajaa mkononi. Hii wanajaa usoni.

Halafu salamu. Ukimwambia mkubwa ugonile lazima uiname. Nikiinama taa inazimika. Nikaona bora nisiiname, wasije wakadhani mali yangu ni mbovu. Bibi mmoja kauliza kwa huruma kama nina jipu shingoni. Tuntufye aliinama mpaka chini, akanyamaza, akapewa samaki wa kuchoma. Huyu mtoto ana hila!

Jumamosi, 14 Septemba. Matema

Naandika haraka kabla sijakosa ujasiri.

Tulianza vyema. Mimi mbele naangaza, Tuntufye nyuma anapiga kasia, Keziya na wanawake katikati na vyungu vimepangwa kwenye majani makavu. Kila nilipogeuka kumwelekeza Tuntufye nilimpofusha. Mwamba tuliukosa kwa neema ya Mungu. Mama mkwe akasema nizime. Tuntufye akasema yeye gizani anaona vizuri zaidi. Wivu!

Tukafika Lyulilo, bado giza. Wanawake wakashuka mmoja mmoja, Keziya na chungu kikubwa kichwani, mama yake nyuma yake. Mimi chungu kila mkono, kama nilivyopanga. Ilipendeza! Kwa muda mfupi ilipendeza kweli.

Ndipo baba akakohoa.

Sasa mwana akisikia baba yake anakohoa afanyeje? Asigeuke? Niligeuka. Baba huyo, kasimama ndani ya mwanga, macho wazi. Keziya akapiga kelele nigeuzie kule. Nikageukia sauti, maana ndivyo vichwa vilivyoumbwa. Keziya huyo, mbele ya baba mkwe wake, mzima mzima, kanga imeangukia mabegani! Wakaonana. Baba akasema jamani, na baba si mtu wa kusema jamani. Nikamgeukia kuomba radhi. Nikamgeukia Keziya kueleza. Nikamgeukia baba tena. Kila niliyemtazama alionekana, na kila aliyeonekana alipiga kelele. Ningezimaje? Mikono huru yote ilikuwa na vyungu!

Ningeinamisha kichwa tu ingezimika yenyewe. Nimelikumbuka hilo sasa hivi, hapa, nikiandika.

Keziya akachuchumaa ajifunike. Chungu hakikuchuchumaa naye. Mama mkwe akajikwaa juu yake, na wa nyuma yake naye hivyo hivyo. Nikaviachia vya kwangu nikimbilie kuwainua. Mlio wa vyungu kwenye mawe bado uko masikioni mwangu. Udongo waliouchimba, wakaukanda, wakauchoma wale wanawake, umekuwa vigae kwa sababu yangu. Tuntufye ndiye aliyeleta dawa. Alikuja polepole, bila neno, akanifunika kichwa kwa kikapu.

Jumapili, 15 Septemba

Sikwenda ibadani. Ningetazama wapi?

Wafinyanzi wamesema. Mtumbwi ni wa Tuntufye. Aliyetangulia kusema ni mama mkwe wangu mwenyewe, kura yangu ya kibindoni.

Keziya karudi Ikombe na mama yake kufinyanga upya vilivyovunjika. Hakugomba. Ningefurahi angegomba. Kasema tu kwamba kwangu hakanyagi mpaka aibu ile niimalize na baba. Nimerudi Kyela juu ya magunia ya mchele, nimepika ugali, ukawa uji. Nimekula nikisimama, nikitembea huku na huku. Nyumba imepoa. Namtaka mke wangu.

Jumanne, 17 Septemba

Kheri imenikumbuka!

Nimempelekea baba jogoo, mchana kweupe, kichwa kitupu, nikapiga magoti. Baba kamkagua jogoo miguu na mbawa mpaka jogoo mwenyewe akachoka. Kisha kapokea. Ndaga, kasema, yaani asante. Halafu kasema jingine, taratibu: siku za mzigo mkubwa Tuntufye atahitaji mtu wa pili mtumbwini. Ijumaa jioni anakuja Kyela kununua kamba, atapita kwangu tulizungumze, maadamu nyumbani hakuna mtu. Nimemhakikishia hakuna mtu.

Mtu wa pili! Si mtumbwi mzima, lakini ni mtumbwi.

Nikiwa bado Matema Tuntufye akanivuta pembeni. Keziya kasikia tangu jana kwamba namletea baba jogoo. Moyo wake umelainika, yuko tayari kurudi, niseme tu siku. Nimelia kidogo. Tuntufye akajifanya anatazama ziwa.

Jumatano, 18 Septemba

Sikulala. Nimepima upya, kwa utulivu, na kosa nimeliona.

Kosa halikuwa langu. Mwanga wa ile tochi ni mwembamba! Unamwangaza mmoja mmoja, ndiyo maana kila mtu aliona haya peke yake. Ungekuwa mpana wangeonekana wote kwa pamoja, na hapo nani angemwonea nani haya? Ni hesabu tu. Nashangaa hakuna aliyeifikiria kabla yangu.

Nimekwenda kwa Abdulrahim. Nimempa tochi na redio yetu juu yake, kanipa karabai. Mpya! Inaunguruma, inaangaza mpaka uani kwa jirani, hakuna kona inayobaki na giza. Abdulrahim kaapa kwamba hii haina hasara hata moja, na mimi nimeikagua, sijaiona.

Keziya nimemtumia neno aje Ijumaa jioni. Ya baba sikumwambia. Wala baba sitamwambia ya Keziya. Nataka wastuke kwa furaha. Karabai nimeitundika katikati ya chumba, na chini yake nimepanga viti viwili, vinatazamana.