Mashine ya Safu Nne na Kitenge cha Njano

Jumatatu, 3 Machi

Mashine ya kupandia mahindi imefika. Safu nne. Imetumika, lakini kwa adabu. Kutu ni ya juu juu tu, isipokuwa ile iliyoingia ndani. Aliyeniuzia alisema gurudumu moja lina maringo kidogo. Nimeliona. Linaringa hadi linataka kuchomoka.

Shemeji, dada mkubwa wa marehemu mke wangu, alikuja kuitazama. Akaizunguka mikono kifuani. Akauliza kama huo ni mtambo au ni kitanda kilichonusurika na moto. Nikamweleza kwa upole kwamba inachimba mfereji, inadondosha mbegu, inafukia na kushindilia, yote kwa mpito mmoja. Akasema dada yake alifanya hayo yote kwa jembe na kisigino, na hakuhitaji grisi.

Kisha akatoa lililomleta. Shamba la kando ya barabara ni la baba yao. Mke wangu alilipanda hadi wapita njia wakawa wanapunguza mwendo kulitazama. Msimu huu ni wa kwanza bila yeye. Nikilipanda vizuri, niendelee nalo. Nikilitia aibu, analikabidhi kwa jirani, yule tunayemwita Bwana Kamba kwa sababu hapandi hata kitunguu bila kuvuta kamba kwanza.

Nimemwambia asiwe na hofu. Ameniambia hofu anayo tayari.

Jumatano, 5 Machi

Maboresho. Makopo ya mbegu yalikuwa yametoboka, nimeweka ndoo za mafuta ya kupikia, zile zinazoonyesha kilichomo. Kiwanda hakikufikiria hilo. Cheni iliyokatika nimeiunga kwa kipande cha cheni ya baiskeli ya mke wangu. Baiskeli yenyewe sijaitupa. Imeegemea ukuta pale pale alipoiacha, na kengele yake bado inalia ukiigusa. Nimeigusa.

Fundi wa kuchomelea amenitengenezea mkono wa alama. Ni bomba refu lenye kisahani mwishoni, linatokeza pembeni na kuchora mstari ardhini. Ukigeuza trekta unafuata mstari huo, na safu mpya zinakwenda sambamba na za kwanza. Fundi akanionya, mzee, huu mkono hauna akili, mstari wa kwanza ukinyooka na mingine yote inanyooka. Upande wa pili wa maneno hayo hakuutaja, nami sikuona haja ya kuuliza.

Alhamisi, 6 Machi

Majaribio. Tumeinua mashine kwa jeki, tukatandika turubai chini, nikazungusha gurudumu kwa mkono. Ndoo ya kwanza ikadondosha punje moja moja, kama mtu mwenye subira. Ya pili ikamwaga konzi nzima. Ya tatu haikutoa kitu. Ya nne ikatoa unga.

Bwana Kamba alikuwa ameegemea uzio. Akauliza kama mashine ina safu nne au ina tabia nne.

Fundi akafungua ndoo ya tatu. Ile sahani yenye matundu ya kuokota punje nilikuwa nimeilaza kifudifudi. Nikamwambia nilikuwa nampima kama ataona. Akasema ameona, na akaomba nisimpime tena hadi jua litue. Akaigeuza, akabadilisha ya pili, akalegeza ya nne. Kufikia mchana ndoo zote zilikuwa na subira. Bwana Kamba akaenda zake. Kuondoka kwa Bwana Kamba nakuhesabu kama cheti.

Mke wangu alikuwa akitia punje mbili kila shimo. Moja yetu, alisema, na moja ya ndege, maana nao wana watoto. Nikamuuliza fundi kama matundu yanaweza kupanuliwa yaokote mbili mbili. Akasema watu huja kwake wakilia ili mashine zao zitoe moja. Basi, nimeiacha moja. Ila nimerusha konzi ya mahindi uani kwa ajili ya ndege, ili mambo yasibadilike mno.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya kupanda. Mawingu yamejaa.

Zamani mke wangu alikuwa akisimama mwisho wa shamba na kitenge chake cha njano, nami naanza mstari wa kwanza kwa jembe nikimwelekea yeye. Sikuwahi kupotea. Leo nimechomeka mti pale pale alipokuwa akisimama, nikakifunga kitenge juu yake. Nikarudi mwanzo wa shamba, nikapanda trekta, nikakaza macho kwenye njano.

Kweli, niligeuka nyuma mara kadhaa. Ndoo zilikuwa zinapendeza. Lakini kila nilipotazama mbele, njano ilikuwepo, nikaifuata. Niliiona imesogea kulia kidogo. Nikajua usukani umeniponyoka, nikarekebisha. Ikasogea tena. Nikarekebisha tena. Nilijisifu moyoni kwa kuwa macho.

Nilipofika mwisho nilikuwa kwenye bomba la maji, kona ya kulia ya shamba. Shemeji amesimama na ndoo yake, kitenge cha dada yake mabegani. Akaniuliza, "Shemeji, unanifuata wapi na mitambo?"

Kumbe alipita na kukikuta juu ya mti. Akaona si heshima, nguo ya marehemu kuvishwa kijiti kama sanamu ya kutishia ndege. Akakikung'uta, akajifunika jua, akaendelea na safari yake ya maji.

Ningeweza kukasirika. Lakini mabega yao yanafanana sana. Nikamwambia kinampendeza.

Mstari wa kwanza ulikuwa umeshapinda kama mundu, na mkono wa alama ulikuwa umeshachora upinde huo huo pembeni. Ngurumo zikaanza. Hapakuwa na muda wa kubishana na bomba. Nikaufuata mstari, na mkono ukaunakili ule upinde kwa uaminifu hadi mwisho wa shamba. Haukutetereka hata mara moja. Kazi nzuri sana ya fundi.

Jumapili, 16 Machi

Mahindi yameota. Hakuna pengo. Yamepinda, sikatai, lakini yamepinda pamoja. Pima popote, nafasi ni ile ile. Ukitazama kutoka barabarani, ni kama shamba zima limesikia mtu akiita kule bombani likageuka.

Watu wanapunguza mwendo. Mwendesha pikipiki mmoja alisimama kabisa. Bwana Kamba akauliza kama nimepanda mahindi au nimepanda nyoka. Nikamuuliza kama kamba yake inaweza kukata kona.

Jioni akaja Shemeji. Alisimama kando ya barabara, akazifuata safu kwa kidole, kutoka kwenye geti taratibu hadi kwenye bomba la maji. Kidole kikasimama hapo. Akaanza kucheka. Sijamsikia akicheka tangu mazishi. Alicheka hadi akakaa chini kwenye nyasi, na alipojifuta macho, hayakuwa machozi ya kicheko peke yake. Akasema dada yake angeitambua kazi hii hata akiwa mbali: huyu mwanamume hajui kunyoosha, anajua kitenge tu.

Akanirudishia kitenge, kimefuliwa na kukunjwa. Akasema shamba nibaki nalo.

Naandika hapa isije ikasahaulika: ameridhishwa na ubora wa kazi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeitafakari kasoro. Ilikuwa moja tu. Kitenge kiliwekwa mahali ambapo mtu anaweza kukichukua. Msimu ujao hakitafungwa kwenye mti. Nimemwagiza fundi achomelee bomba refu kwenye pua ya trekta, nikifunge hapo juu.

Fundi alinitazama, akaitazama trekta, akaniuliza kama nimefikiri vizuri.

Nimefikiri. Hakuna atakayekigusa. Hakitasogea kulia wala kushoto. Na popote nitakapoelekea, kitakuwa mbele yangu.