Mizani ya Moyo na Viroba vya Usipa

Jumatatu, 3 Juni 2024
Mizani imefika! Mwanangu Loveth kaileta mwenyewe kutoka Mbinga, kaifunga kwenye kanga kama kichanga. Na tumbo lake ndilo hilo, miezi saba. Masharti: kila asubuhi nikishatoka chooni, kabla ya chai, nipande peku, nisimame tuli. Namba inaingia kwenye simu, simu inaipeleka kwa nesi Vitalia hospitalini. Moyo wangu hausukumi damu vizuri. Ukichoka, maji yanabaki mwilini, na mizani inayajua kabla yangu. Kilo zikipanda ghafla, nesi anapiga. Chumvi marufuku.
Nimekubali yote. Nataka kumbeba mjukuu kwa mikono hii. Nikamwuliza Loveth kama anakula, kama analala kwa ubavu, kama mumewe anamchotea maji. Akasema, mama, mgonjwa ni wewe.
Kilo hamsini na nane. Kumbe mwepesi hivi!

Jumanne, 4 Juni
Jirani yangu Notburga kaja kuishangaa mizani. Akalalamika kuwa Bernadi, mchuuzi anayetununulia usipa, dagaa wa hapa ziwani, kakipima kiroba chake kikasoma kilo kumi na tisa, na mgongo wake uliokibeba haukubali. Tukakiweka kwangu. Ishirini na mbili na nusu! Notburga akapiga kigelegele hadi kuku wakakimbia.
Nimepata wazo. Wanawake wote wapime kwangu kwanza, ndipo waende kwa Bernadi na namba zao mdomoni. Malipo sitaki. Kila mmoja aniachie kiganja cha usipa tu, kwa upendo.

Jumatano, 5 Juni
Wamejaa uani tangu jua halijakolea! Bernadi kapita, kanuna. Akasema tangu lini wagonjwa wakawa makarani. Nikamjibu tangu mizani yake ilipoanza kuugua kuliko mimi.
Mchana nesi akapiga. Shikamoo, halafu papo hapo akauliza kama niko hai. Kwake nimesomeka hamsini na nane, kisha ishirini na mbili, kisha arobaini na moja. Yesu wangu, viroba vyote vimekwenda hospitali! Nikasema ni wajukuu wanachezea. (Sina hata mmoja.) Akasema mjukuu wa kilo arobaini na moja ni baraka. Nikasema tunawalisha. Akasema nisiruhusu mtu mwingine kuipanda. Nikaapa.
Viroba si watu.
Jioni usipa na ugali. Wamechemshwa kwa chumvi kabla ya kuanikwa, lakini chumvi hiyo sikuitia mimi.

Jumamosi, 8 Juni
Kilo sitini na moja. Miguu imejaa, kandambili hazinitoshi. Nikilala chali pumzi inagoma. Nesi kapiga, kauliza kama nimevimba. Nikasema nilipanda nimebeba kikapu. Akataka kesho nipande bila kikapu.
Hofu! Wakinilaza, Loveth atapanda bodaboda kunifuata, na barabara ile yenye mashimo! Mtoto atatoka njiani. Lazima nesi aone hamsini na nane, basi.

Jumapili, 9 Juni
Nimejitengeneza. Viroba viwili vya Notburga na ndoo juu yake. Notburga akawa anapunguza kiganja, anaongeza kiganja, hadi hamsini na nane kamili. Tukacheka sana. Akasema mama Loveth, leo unanuka kweli. Mimi nikakohoa katikati ya kicheko, yeye akaacha kucheka.
Nesi katuma ujumbe, kanisifu. Nimeona haya kidogo.
Viroba nimeviweka karibu na jiko visiingie unyevu. Kesho nitavihitaji.

Jumanne, 11 Juni
Balaa! Usipa wamezidi kukauka jikoni. Jana nilisoma hamsini na saba, leo hamsini na tano na nusu. Nesi kapiga mbio mbio. Akasema kupungua hivyo kunamtisha, kwa video nimwonyeshe uso. Nikasema simu yangu haina video. Notburga, aliyekuwa amesimama pale pale, akasema inayo.
Akanipokonya simu. Akamwonyesha uso, akashuka mpaka miguuni, akakibonyeza kifundo changu kwa kidole. Shimo likabaki. Akamwambia nesi na yule aliyekuwa akipanda mizani ni nani. Msaliti! Alikuwa analia, lakini msaliti.

Alhamisi, 13 Juni
Wodini. Sindano za kutoa maji, chooni nimekuwa mwenyeji. Loveth alikuja hata hivyo, kwa bodaboda, kwa mashimo yale yale. Sikugombezwa. Alikaa chini kando ya kitanda, akaninyanyua mguu akauweka mapajani, karibu na tumbo. Mtoto akapiga teke, nikalisikia kisiginoni. Loveth akasema bibi yake mtoto ni mmoja tu, hakuna kiroba kitakachomwimbia.
Nililia mpaka nesi akauliza kama maji hayo nayo apime.

Jumanne, 18 Juni
Nyumbani! Hamsini na nane, yangu mwenyewe. Nimeapa mbele ya nesi, Loveth na padri: kiroba hakitapanda tena mizani yangu. Na usipa wa chumvi nimempa paka. (Wengi wao.)
Wameniongezea kifaa, cha kupima presha. Kinafungwa mkononi, kinavimba, namba inakwenda kwa nesi kama ile ya mizani. Nesi kaeleza vizuri: mtu akiwa na hofu, presha inaweza kupanda.
Nimelitafakari neno hilo njia nzima. Bernadi anapodanganya kilo, si lazima ana hofu?
Nimemwambia Notburga amwalike kesho aje kunijulia hali. Mimi nitamfunga kifaa mkononi, yeye amwulize kiroba chake kile kilikuwa kilo ngapi.